Ubora unaagizwa, hauokotwi

   Joto na unyevunyevu tu ndivyo vinavyotunyanyasa, ukifua shati leo linakauka keshokutwa! Najua nimepotea sana hapa kijiweni kwangu na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimehama China. Sijahama, nipo palepale Xiaobei. Ni Maonesho ya Canton tu yaliyonimeza. Maonesho haya yalianza mwaka 1957, yanafanyika mara mbili kwa mwaka, na kipindi hicho sisi tunaosaidia wageni kununua mizigo hatulali. Samahanini sana.

Leo sina habari za chakula wala picha za mitaani. Kuna maneno yamenifikia kutoka nyumbani, nami nimeona bora niyajibu hapahapa kila mtu asome, kuliko kupigiana simu mmoja mmoja. Inasemekana nimemnyima mjomba mzigo wake. Inasemekana nimekuwa na maringo, kwamba "siku hizi naye kawa Mchina". Mjomba mwenyewe nimemuaga kwamba nitaliandika suala hili, akasema andika tu mpwa wangu, nitasoma. Haya mjomba, karibu usome.

Kwa wale wasiojua, mjomba ana duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Mwezi uliopita aliniagiza ekstensheni 3,000, zile za soketi nne na waya wa mita tatu. Nikaenda kiwandani. Bosi wa pale akaniambia yuan 21 kwa moja. Nikamtumia mjomba ujumbe wa sauti, akanijibu, "Mpwa wangu, hiyo bei ya wapi? Wenzangu wanachukua kwa 12!" Nikamwambia yule bosi kumi na mbili. Mnadhani alikataa? Hakukataa hata kidogo. Alifungua droo akatoa ekstensheni ya pili, rangi ile ile, soketi zile zile, maandishi ya ampea 13 yale yale, akaiweka mezani karibu na ile ya kwanza. Akaniuliza, "Soko lako linataka ipi?"

Jamani, hapo ndipo penye somo lote la leo. Viwanda nilivyofanya navyo kazi huku ni nadra sana kukataa bei. Ukitaja bei, wao wanatafuta kitu cha kupunguza mpaka bei yako ifike.

Mimi kwenye mkoba wangu natembea na vitu vinne: wembe, sumaku, mizani ndogo na futi kamba. Wenzangu hapa Xiaobei wananicheka, wananiita daktari. Nilizichana waya zote mbili. Ya 21 ndani ni shaba tupu, nyekundu mpaka katikati. Ya 12 juu nyekundu, ukiikwangua kwa wembe ndani ni nyeupe. Ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, halafu nyembamba. Nikaziweka kwenye mizani, tofauti ikaonekana hapohapo, maana shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini. Nikapitisha sumaku kwenye meno ya plagi. Ya kwanza haikushikwa, ya pili ikang'ang'ania. Chuma kilichopakwa rangi.

Sasa mtu atasema, kwani kuna ubaya gani, si umeme unapita? Unapita, ndiyo. Lakini alumini inapitisha umeme kwa karibu asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, na waya ukiwa mwembamba ndio mbaya zaidi. Pasi ya wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampea 9. Chomeka na jagi la kuchemshia maji pembeni yake, kama tunavyofanya sote asubuhi watoto wakiwahi shule. Waya unachemka, plastiki inalainika, na mara nyingi ekstensheni yenyewe imepita chini ya zulia au nyuma ya kochi. Sitaki kumtisha mtu, mengine malizieni wenyewe.

Nikamwambia mjomba, hii ya 12 sikupakilii. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Sitaki mumuone mjomba mtu mbaya, maana hoja yake ni nzito na mimi sikuwa na jibu la haraka. Alisema hivi, "Kariakoo nzima wanauza hizo. Mteja anaangalia nje, ndani haoni. Nikileta za 21 nitazeeka nazo dukani, na wewe huko utakuwa umenifilisi kwa wema wako." Tofauti ya yuan 9 mara vipande 3,000 ni yuan 27,000. Hiyo si hela ya kuchezea, ni ada za watoto na kodi ya fremu. Akaongeza la mwisho ambalo liliniuma, "Wewe ni wakala. Kazi yako ni kununua ninachokuagiza."

Je, ni kweli? Kazi ya wakala ni kununua tu? Nimelifikiria swali hili usiku kucha, na ndugu zangu, ili nilijibu inabidi niseme jambo ambalo sijawahi kulisema kwa mtu yeyote nyumbani.

Mnakumbuka mama mkubwa alivyokuwa na duka la viatu pale Makoroboi, Mwanza? Na mnakumbuka lilivyofungwa? Wengi mnajua kwamba "biashara ilimwia ngumu". Haikuwa hivyo. Nilikuwa bado mgeni katika kazi hii, na mama mkubwa alikuwa mteja wangu wa kwanza kabisa. Aliniamini kwa hela yake yote akaagiza sandozi za watoto jozi 2,400. Niliona sampuli, nzuri, imeshonwa na kugundishwa vizuri. Nikalipa asilimia 30 kama ilivyo desturi ya huku. Mzigo ulipokuwa tayari nilipaswa kwenda kiwandani kufungua maboksi kabla ya kulipa ile 70 iliyobaki. Siku hiyo nilikuwa na wageni wawili kutoka Lubumbashi waliokuwa wananilipa vizuri zaidi. Bosi wa kiwanda akanitumia picha, nikaziangalia kwenye simu nikiwa kwenye basi, nikalipa.

Mzigo ukafika, ukauzika vizuri. Halafu mvua za masika zikaanza. Gundi ikaachia, soli zikabaki kwenye matope na watoto wakarudi nyumbani pekupeku. Wazazi wakamjia mama mkubwa dukani mmoja mmoja, naye kwa jinsi alivyo, kila aliyekuja alimrudishia hela au alimpa jozi nyingine. Mpaka mtaji ukakatika.

Alinipigia simu. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, "Mwanangu, ulifungua maboksi?"

Nikasema ndiyo.

Basi. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Mama mkubwa, najua binti yako anakusomea hapa. Sikufungua hata boksi moja. Ulidhani ni bahati mbaya na ukaniombea dua, kumbe ni mimi. Nimeanza kukurudishia kidogo kidogo na ulikuwa unauliza kwa nini natuma hela nyingi kuliko kawaida. Ndiyo sababu.

Sasa turudi kwenye mada, maana sikuandika ili nionewe huruma. Ninachotaka kusema ni hiki: ubora si kitu kinachokaa ndani ya bidhaa kikikusubiri ukikute. UBORA UNAAGIZWA, HAUOKOTWI. Unaagizwa kwa bei, unaandikwa kwenye karatasi, na kuna mtu anayelipwa kwenda kufungua boksi. Kikikosekana kimojawapo, umecheza bahati nasibu.

Nyumbani tukinunua kitu kikaharibika tunasema "ah, cha Mchina hicho", tunacheka, tunanunua kingine. Mimi neno hilo siku hizi linanikera. Simu nyingi mnazojivunia zimeunganishwa China hiihii. Kiwanda kile kile chenye droo mbili kinapeleka mzigo Ujerumani, na Mjerumani haletewi ile ya droo ya pili, kwa sababu ameandika anachotaka na atatuma mtu kukagua. Sisi tunakuja na bei tu. Karatasi hatuna, mkaguzi hatuna, halafu tunalaumu taifa zima!

Na Wachina wenyewe ugonjwa huu wanaujua. Wana neno lao, chabuduo, maana yake kama "si mbali sana, inatosha tu". Mwandishi wao Hu Shi aliandika zamani kisa cha Bwana Chabuduo, mtu ambaye kwake kila kitu kilikuwa sawa tu na kingine. Mwisho akaugua, wakamletea tabibu wa ng'ombe badala ya tabibu wa watu kwa sababu majina yanafanana, naye akaona si mbali sana, akafa! Hahaha, lakini mkifikiri vizuri hakuna cha kucheka. Ekstensheni ya 12 ni tabibu wa ng'ombe.

Kuna kisa kingine ambacho huku hata watoto wanakijua. Mwaka 1985 kule Qingdao, mteja mmoja alimlalamikia mkuu wa kiwanda cha majokofu, Zhang Ruimin, kwamba jokofu aliyonunua ni mbovu. Zhang akaenda stoo kukagua, akakuta majokofu 76 yana kasoro. Wengine wakashauri yauzwe kwa wafanyakazi kwa bei ya kutupa. Yeye akaleta nyundo, akaamuru yavunjwe yote mbele ya waliyoyatengeneza, wakati ambapo jokofu moja lilikuwa mali kubwa mno kwa mfanyakazi wa kawaida. Kiwanda hicho leo ni Haier, mnakijua. Wengi wakisimulia wanashangilia nyundo. Mimi naomba muangalie mwanzo wa kisa: mteja alilalamika, na malalamiko yakafika kwa mtu mwenye uwezo wa kufanya kitu.

Sasa njooni kwetu. Risiti ya duka inasemaje pale chini? "Mali ikishauzwa hairudishwi." Tumeizoea hata hatuioni. Lakini maandishi hayo ndiyo yanayoua ubora kuliko Mchina yeyote. Kitu kikiungua nyumbani kwa mtu Mbagala, yeye anakitupa na kulaani. Machinga aliyemuuzia hajui, mjomba hajui, mimi wa Xiaobei sijui, na yule bosi wa kiwanda ndiyo kabisa, anajua kwamba Afrika wamefurahi kwa sababu hakuna aliyelalamika! Mwaka unaofuata anapunguza tena shaba. Mama mkubwa alipoteza duka, lakini yeye peke yake katika mnyororo wote ule ndiye aliyepokea malalamiko. Kama mimi ningekuwa na moyo wake ningeyabeba mpaka kiwandani.

Wengine mtasema, si kuna TBS? Ni kweli. TBS walianza mwaka 2012 utaratibu wa bidhaa kukaguliwa nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa, na KEBS wa Kenya walikuwa wameshaanza tangu 2005. Ni kazi nzuri. Lakini Serikali haiwezi kukaa dukani kwako. Kumbukeni simu feki. Kenya walizifungia mwishoni mwa Septemba 2012, kwetu TCRA wakazizima Juni 2016. Nani alilia siku ile? Kiwanda kilishalipwa, muuzaji alishauza. Aliyelia ni yule bibi aliyebaki na simu isiyoita.

Basi kwa wale wanaotaka kuagiza mzigo, kwangu au kwa mtu mwingine, haya ndiyo niliyojifunza kwa gharama ya mama mkubwa:

1. Andika. Usiseme "ekstensheni nzuri". Sema waya wa shaba tupu, unene milimita mraba 1.25, urefu mita tatu, meno ya plagi ya shaba, fyuzi ndani. Neno "nzuri" kila mtu ana lake.

2. Sampuli ziwe mbili, zote zisainiwe. Moja inabaki kiwandani, moja unakaa nayo wewe. Mzigo ukitoka tofauti, ushahidi uko mkononi. Mimi nilikuwa na sampuli moja tu, nayo nilimpelekea mama mkubwa avae mjukuu.

3. Nenda mapema. Mzigo ukiwa umetengenezwa robo hivi, makosa yanarekebishika. Ukienda siku ya kupakia unabaki kubishana tu huku lori linangoja.

4. Kagua kabla ya kulipa 70. Si lazima ufungue vyote. Wakaguzi wanatumia jedwali la kimataifa, ISO 2859. Kwa mzigo wa vipande 1,201 hadi 3,200, ukaguzi wa kawaida unatoa vipande 125 kutoka maboksi tofauti, unachagua wewe na si bosi wa kiwanda. Kwa kipimo cha 2.5 ambacho wengi hutumia, mbovu zikiwa 7 au pungufu mzigo unapita, zikifika 8 unakataliwa. Kasoro ya hatari, kama waya ulio wazi, hata moja usikubali. Jozi 125 tu! Ni kazi ya siku moja. Siku moja ingeliokoa duka la mama mkubwa.

5. Uliza nani anamlipa wakala wako. Hili litaniletea maadui hapa mtaani lakini nalisema. Wapo wanaochukua kamisheni kwako na bahasha kwa kiwanda. Mtu wa namna hiyo atakukagulia nini? Mimi bei yangu ya huduma iko juu kidogo na inatoka kwako peke yako. Ndiyo maana naweza kugombana na bosi wa kiwanda.

6. Weka daftari dukani. Kila kinachorudi andika tarehe, mzigo gani, kimeharibika nini, kisha nitumie. Hata ukikataa kurudisha hela, habari tu usiikatae.

Haya, na swali la mjomba? Kazi yangu ni kununua ninachoagizwa? Jibu langu ni kwamba hapana, mjomba. Anayenunua tu ni kuli mwenye pasipoti. Wewe hunilipi nibebe, unanilipa niwe macho yako mahali ambapo macho yako hayafiki. Nikikuona unaingia shimoni nikanyamaza kwa sababu umeniagiza ninyamaze, nimekula hela yako bure. Na yule wa Mbagala atakayechomeka pasi asubuhi hajaniagiza chochote, lakini naye nina deni lake.

Ila sitaki kuishia kwenye "hapana" halafu nikakuacha na fremu tupu. Kwa hela ile ile uliyopanga, yuan 36,000, unapata ekstensheni za shaba 1,700 hivi. Chukua hizo. Kwenye boksi tutaandika kwa Kiswahili chetu WAYA WA SHABA, na nitakuletea mbili zilizochanwa, moja ya droo ya kwanza na moja ya droo ya pili. Zitundike mlangoni pa duka, na wembe pembeni. Mteja aone ndani mwenyewe, akwangue. Unasema mteja anaangalia nje tu. Mimi nasema hajawahi kuonyeshwa ndani. Wengine bado watachukua ya bei rahisi kwa jirani, sikudanganyi. Lakini fundi anayefunga umeme kwenye nyumba za watu atarudi kwako, na atarudi na wenzake. Nusu ya kamisheni yangu ya mzigo huu nakuachia, tujaribu pamoja. Zikikwama, tumekwama wote wawili.

Jana kanijibu kwa neno moja, "Nitafikiria." Anayemjua mjomba anajua hilo si haba!

Nanyi wasomaji wangu nina ombi. Kama kuna kitu umenunua hivi karibuni, cha kutoka huku, kikakufia mkononi, usikitupe kimyakimya. Niandikie: ni kitu gani, kilidumu muda gani, kilianza kuharibika wapi. Siwezi kukurudishia hela yako, lakini najua njia ya kwenda viwandani, na siku hizi nafungua maboksi. Na wafanyabiashara mlioko Kariakoo, Gikomba, Owino na kwingineko, hivi ni kweli mteja wetu anataka rahisi tu? Au ndicho tunachompa halafu tunasema ndicho anachotaka? Nisemeni kama nimekosea.

Mama mkubwa, nisamehe. Wengine wote nawatakia wiki njema yenye baraka. Tuko pamoja!